VYUMA VYA UZITO KWENYE MAGURUDUMU YA TRAKTA YA ZAMANI



Mvua za kwanza zikianguka, mazungumzo ya kampini yanabadilika. Mtu anatoka kazi ya usiku, analala saa nne tu, na akiamka anauliza: Trakta itafika lini? Maana mahindi ya bukari hayangoji. Huku kwetu Katanga mvua inaanza mwezi wa 10 au wa 11 na kwisha mwezi wa 4. Anayechelewa kupanda atavuna majani. Kwa hiyo jamaa wanajiunga, wanalipa trakta moja ya zamani, nayo inapita shamba kwa shamba tangu asubuhi hadi giza.

Ukurasa huu umezoea kusema juu ya vumbi, kofia, miwani na mawe yanayoanguka. Leo tunatoka mgodini, lakini hatuendi mbali. Mguu uliovunjika shambani siku ya Mungu ndio mguu ule ule unaokosekana kazini kesho yake. Na kitu cha leo ni kimoja tu: vile vyuma vizito vya mviringo ambavyo watu wanafunga kwenye magurudumu ya nyuma ya trakta ili isiteleze.

Kwa nini watu wanavifunga?

Tuchukue trakta ambayo wengi wanaijua kwa sura: Massey Ferguson 135, iliyotengenezwa tangu 1964 hadi 1975. Au ile ya kijivu iliyoitangulia, Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hadi 1956. Ni mashine ngumu, fundi anaweza kuzitengeneza kwa vyombo vichache, na ndiyo sababu bado zinalima. Lakini ni nyepesi. Ile ya 135 ina karibu tani moja na nusu. Ile ya kijivu haifiki tani moja na robo. Ukiiwekea jembe zito katika udongo mwekundu uliolowa, gurudumu linazunguka lakini trakta haiendi. Mafuta yanaisha, pine zinalika, shamba linabaki.

Nguvu ya kuvuta ya trakta haitoki katika motere peke yake. Inatoka pia katika uzito unaokandamiza pine juu ya udongo. Katika udongo wa shamba uliokauka vizuri, kila kilo 100 unazoongeza juu ya magurudumu ya nyuma zinakupa nguvu ya kuvuta ya kilo 40 au 50 hivi. Katika matope ni kidogo zaidi. Ukifunga vyuma viwili vya kilo 50 kila upande, umeongeza kilo 200, na jembe lililokuwa linakushinda linaanza kukata. Hapo watu wanafurahi, na wana haki ya kufurahi.

Lakini kabla ya kutafuta vyuma, pima kwanza kama unavihitaji. Haihitaji chombo chochote. Piga alama ya chokaa kwenye pine ya nyuma. Trakta ikilima, jembe likiwa ndani ya udongo, hesabu mizunguko 10 ya gurudumu, na upande kijiti mahali ulipoanza na kijiti mahali ulipomalizia. Kisha rudia njia ile ile jembe likiwa juu, na uhesabu tena mizunguko kati ya vijiti viwili. Ukipata mizunguko 9, trakta inateleza sehemu 10 kwa mia. Ukipata 8 na nusu, inateleza sehemu 15 kwa mia. Kati ya hapo ni vizuri, usiongeze kitu. Ukipata 7, basi uzito unakosekana, au jembe limeshuka chini mno, au pine zimekwisha meno. Na pine iliyokwisha meno, hata ukiifungia chuma cha kiwanda kizima, haitashika.

Nyayo za pine nazo zinasema. Ukiona alama za meno zimechorwa safi kabisa kama muhuri, trakta ni nzito mno: inakandamiza udongo na kuchosha gia zake bure. Ukiona hakuna alama, udongo umefutwa wote, ni nyepesi mno. Alama nzuri ni ile inayoonekana pembeni lakini katikati imevunjika kidogo.

Kuteleza kunakokulinda

Sasa tufike kwenye neno lenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanadanganyika. Watu wanasema: trakta nzito haipinduki. Nimelisikia neno hilo kwa madereva wazima wenye miaka mingi ya kazi. Si kweli.

Tazama namna trakta inavyokwenda. Motere inazungusha ekseli ya nyuma, ekseli inazungusha magurudumu, magurudumu yanasukuma udongo. Lakini ikiwa magurudumu yanakataa kuzunguka, nguvu ile haipotei. Inatafuta kitu kingine cha kuzungusha. Nacho ni mwili wa trakta wenyewe: pua inanyanyuka, magurudumu ya mbele yanatoka chini, na trakta yote inazunguka kwa nyuma juu ya ekseli yake kama mlango juu ya bawaba. Dereva yuko katikati.

Siku zote trakta nyepesi inapozidiwa, magurudumu yanateleza kwanza. Kuteleza huko kunaudhi, lakini kunafanya kazi ya fyuzi ya umeme: kinakatika kitu kidogo ili kitu kikubwa kisiungue. Ukifunga vyuma vya uzito nyuma, umefanya kama mtu anayeondoa fyuzi na kuweka msumari. Magurudumu sasa yanashika. Hayatelezi tena. Na mzigo ukikwama kwenye kisiki, kitu kitakachotii ni pua ya trakta.

Na uzito ule wa nyuma hausaidii kuirudisha pua chini? Hapana. Chuma kilichofungwa kwenye gurudumu la nyuma kiko sawasawa na ekseli, mahali pale pale trakta inapojipindulia. Hakivuti mbele, hakivuti nyuma. Kinachozuia pua isinyanyuke ni uzito wa mbele. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usiongeze nyuma bila kutazama mbele. Trakta ya kazi inayovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma inatakiwa kubeba mbele kati ya robo na theluthi ya uzito wake wote. Ikishuka chini ya sehemu 20 kwa mia, hata usukani hautii. Ukiona dereva anapiga kona shambani na trakta inaendelea moja kwa moja, mbele ni nyepesi. Afunge vyuma mbele kabla hajafikiri tena vya nyuma.

Jambo hili linakwenda upesi kuliko mawazo ya mtu. Tangu magurudumu ya mbele yanapoacha ardhi, unayo karibu robo tatu ya sekunde kabla trakta haijafika mahali pasipo na kurudi. Sekunde moja na nusu, imekwisha lala juu ya dereva. Katika wakati huo mtu anaona, anashangaa, na mguu wake bado haujafika kwenye ambreyaji. Nyingi za trakta hizi za zamani hazikuwa na fremu ya usalama juu ya kiti. Uswidi iliamuru mwaka 1959 kwamba kila trakta mpya iuzwe na fremu, na vifo vya kupinduka vilipungua sana huko. Nchi nyingine zilifuata baadaye. Ya kwetu ilitoka kiwandani bila kitu, na nyingi ziko hivyo hata leo. Fremu yenye nguvu inaweza kufungwa na fundi mjuzi kwa vyuma vilivyopimwa kwa kazi hiyo. Bomba za kitanda cha zamani zilizochomelewa si fremu. Ikiwa hakuna fremu, usijifunge mkanda. Mkanda ni rafiki wa fremu tu.

Mahali pa kufungia mzigo ndipo panapoamua. Kila trakta ina chuma cha kukokotea, kilicho chini, chini ya ekseli. Mzigo ukivutwa kutoka pale, unasaidia kuishikilia pua chini. Mzigo ukifungwa juu ya ekseli, kwa mfano kwenye tundu la mkono wa juu wa kubebea jembe, unaivuta trakta ijipindue. Kung'oa kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu ni njia ya haraka ya kufanya watoto wako mayatima. Nasema hivyo wazi kwa sababu nimeona mnyororo huo ukifungwa mbele ya macho ya watu kumi, na hakuna aliyesema kitu. Dereva alikuwa mtu mzima, nao waliona haya kumkosoa. Siku hiyo kisiki kilitoka chenyewe kwa sababu kilikuwa kimeoza.

Kitu kingine kinachopendwa sana wakati wa mvua. Trakta inazama kwenye dembo, magurudumu ya nyuma yako ndani ya matope hadi kwenye ekseli. Mtu mwerevu analeta gogo, analifunga kwa mnyororo kukatisha magurudumu yote mawili, ili yapande juu ya gogo. Magurudumu yakishindwa kupanda, hayawezi kuteleza tena hata kidogo, maana yamefungwa. Basi ni pua itakayopanda. Mtu asifunge gogo kwenye magurudumu ya trakta, hata siku moja. Fungua jembe au remorki, chimba matope mbele na nyuma ya magurudumu, weka matawi, na ujaribu kutoka kinyumenyume, pole pole. Kwa nyuma trakta haiwezi kujipindua namna ile. Ikikataa, lete trakta nyingine au winchi, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba, kwa sababu kamba ya chuma ikikatika inarudi kama nyoka.

Na vichuguu. Wote mnavijua vichuguu vyetu, vingine virefu kuliko nyumba. Watu wanalima hadi miguuni pake kwa kuwa udongo wake ni mzuri kwa mahindi. Trakta ikipanda ubavu wa kichuguu kwa gurudumu moja, inalala upande, na vyuma vya uzito havitaizuia. Acha mita mbili au tatu bila kulima kwa trakta. Mama atalima pale kwa jembe la mkono, na mavuno yake yatakuwa mazuri.

Namna ya kuvifunga bila kupoteza kidole

Sasa tuseme umepima, umeona kweli uzito unakosekana, na umepata vyuma vinavyofaa trakta yako. Kufunga kwenyewe ni kazi ya saa mbili. Vidonda vyake vinaweza kudumu maisha yote.

Kwanza uzito. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa, kule Geneva, lilipendekeza kwamba mwanaume mzima asipewe mzigo wa kubeba kwa mikono unaopita kilo 55. Huo ni mwisho kabisa, si kipimo cha kila siku. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani, mwaka 1991, waliweka kilo 23 kuwa mzigo ambao watu karibu wote wenye afya wanaweza kunyanyua bila kuumiza mgongo, tena wakiwa wamesimama vizuri, mzigo uko karibu na tumbo na una mahali pazuri pa kushika. Chuma cha gurudumu hakina mkono wa kushika, kina mafuta, na unatakiwa kukisukuma mbele, mbali na tumbo, huku umeinama. Hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kunyanyua. Mgongo wa mtu una visahani laini kati ya mifupa. Kimoja kikitoka mahali pake, mtu anasikia maumivu yanashuka kwenye kitako hadi kisigino, na kuna ambao hawarudi tena kwenye kazi ya nguvu. Kwa hiyo hapa hatusifu mwenye kifua kikubwa. Tunataka palani.

Simamisha trakta mahali pagumu na tambarare, si chini ya mwembe penye mizizi. Shusha jembe hadi ardhini, zima motere, ondoa ufunguo, kaza freni ya mkono, na uweke kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Kwa kufunga chuma upande wa nje wa gurudumu hakuna haja ya kunyanyua trakta kwa kriki. Wengine wanainyanyua ili gurudumu lizunguke na matundu yalingane. Usifanye hivyo, isogeze trakta kidogo kwa motere, izime tena, urudishe kabari. Kama kwa sababu nyingine inabidi kunyanyua, kriki ni ya kunyanyua tu, si ya kushikilia: weka magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kukatishana. Matofali hapana. Tofali halipindi kwanza likakuonya. Linapasuka mara moja.

Safisha uso wa gurudumu na uso wa chuma kwa burashi ya waya. Kutu na udongo uliokauka ukibaki katikati, buloni zitakazwa juu ya uchafu. Baada ya siku mbili uchafu umesagika, buloni zimelegea, na chuma kinaanza kucheza. Kinacheza hadi kinapasua matundu ya gurudumu. Tumia buloni za chuma kigumu, zenye unene unaojaza tundu sawasawa. Chuma cha kwanza kinafungwa kwenye gurudumu. Cha pili kinafungwa juu ya cha kwanza.

Kabla ya kuleta chuma, ingiza kwenye tundu la juu la gurudumu kijiti kirefu cha chuma chenye nyuzi za kukaza, kitokeze nje kama santimita 15. Tundu la juu la chuma cha uzito litaning'inia juu ya kijiti hicho. Basi chuma hakiwezi kuanguka, na kazi iliyobaki ni kukisukuma na kuingiza buloni nyingine. Vijiti viwili ni vizuri kuliko kimoja. Palani ifungwe kwenye boriti ya garaje au kwenye miguu mitatu ya bomba nene, isifungwe kwenye tawi. Ikiwa palani haipo kabisa, vingirisha chuma juu ya ubao mnene, watu wawili, kukipandisha hadi kwenye kimo cha tundu, na mtu wa tatu asimamie mtalimbo nyuma yake. Mtu mmoja tu ndiye anayesema: nyanyua, simama, shusha. Ni mtindo ule ule tunaoutumia mgodini kwa mizigo, sijui kwa nini tunausahau tukifika nyumbani.

Matundu yakiwa hayalingani, usiingize kidole kutafuta. Nimefunga vidole vya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kuhesabu, na karibu kila mara ni kidole cha shahada cha mkono wa kuume. Tundu lile linakata kama makasi. Ingiza ncha ya mtalimbo au bisibisi nene, ulinganishe kwa hiyo. Vua pete ya ndoa na saa, viweke mfukoni. Vaa viatu vyako vya kazi vyenye chuma kwenye vidole; usiviache kampini ukaenda shambani na sandali. Na chuma kikianza kuanguka, ruka nyuma, kiache. Chuma cha gurudumu hakivunjiki kwa kuanguka ardhini. Mkono unaotaka kukidaka unavunjika.

Ukikaza, kaza buloni kwa kukatishana, ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kuume. Baada ya saa moja ya kazi simama, kaza tena. Baada ya saa 10, tena. Buloni mpya zinajinyoosha kidogo, hilo ni la kawaida. Mwambie dereva pia kwamba trakta yake sasa haisimami kama jana: uzito uliongezeka, freni ni zile zile.

Maji ndani ya pine

Wengine wanatumia maji badala ya chuma. Pine ya nyuma inajazwa maji hadi robo tatu, valvu ikiwa juu kabisa, na hewa inakaa katika sehemu iliyobaki. Kila lita ni kilo moja, na bei yake ni kisima. Katika nchi za baridi wanaongeza chumvi ya kalsiamu kloridi ili maji yasigande, lakini chumvi hiyo inakula janti. Baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7 haiwezi kugandisha pine nzima, kwa hiyo maji matupu yanatosha.

Hatari iko kwa yule anayekuja baadaye bila kujua. Fundi anafungua gurudumu akidhani lina hewa tu. Kumbe limebeba zaidi ya kilo mia ya maji, linamwangukia kama ukuta. Kabla ya kufungua gurudumu lolote la trakta ya zamani, zungusha valvu ifike chini, uibonyeze kidogo, uso ukiwa kando. Yakitoka maji, tafuta palani na uwaambie wenzako. Yakiruka machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha uende dispanseri, kwa maana huwezi kujua yaliwekwa chumvi gani. Na ukijaza maji wewe, andika kwa rangi kwenye gurudumu: MAJI. Herufi nne tu.

Kwa mama na watoto

Mama, hili ni lako. Msimu ukiisha, bwana anafungua vyuma vya uzito asiibiwe, anavileta nyumbani. Anaviegemeza kwenye ukuta, nyuma ya jikoni au kando ya mlango, kama vile anavyoegemeza baiskeli. Vinasimama vizuri. Kuku wanapita. Lakini mtoto wa miaka mitatu anaona kitu cha mviringo chenye matundu, anatia mikono ndani ya matundu na kuvuta ili asimame. Chuma cha kilo 50 kikianza kuegemea upande wa mtoto hakuna nguvu ya mtoto ya kukirudisha, na kifua cha mtoto ni laini. Vyuma vilazwe chini, bapa, siku ile ile vinapofika, kabla bwana hajala. Kama havijalazwa, mama, una haki ya kuzuia sahani ya bukari.

Na watoto wasipande kwenye mabawa ya trakta, juu ya magurudumu ya nyuma. Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja. Buloni za vyuma zinatokeza nje na kuzunguka. Zinaweza kukamata nguo, kitenge, au kamba ya begi, na kumvuta mtu chini ya pine. Anayepeleka chakula shambani angoje pembeni mpaka motere izimwe.

Ikiwa ajali imetokea

Kidole kilichopondwa: osha kwa maji safi, funga kwa kitambaa safi, inua mkono juu kuliko moyo. Vua pete upesi kabla kidole hakijavimba. Msipake mafuta ya motere, wala udongo, wala majivu.

Kidole kilichokatika kabisa: kibonyeze kisiki kwa kitambaa hadi damu isimame, na mtafute kipande. Mkifunge kipande kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, mkitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo mkauweke katika maji baridi au barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Hata kama daktari hawezi kukirudisha, ni yeye atakayesema.

Damu inayoruka: bonyeza kwa nguvu mahali penyewe, bila kufunuafunua kutazama. Ikikataa kusimama kwenye mkono au mguu, funga mshipi mpana juu ya kidonda, si juu ya kiungo, kaza kwa kijiti hadi damu ikome, na andika saa. Usiufungue njiani.

Mtu aliyelaliwa na trakta: zimeni motere kwanza. Kama kifua au shingo imebanwa, hakuna kungoja mtu yeyote. Nyanyueni kwa mitalimbo na magogo, mkiweka kabari kila mnapopata santimita moja. Kama ni mguu, tumeni mtu kwa daktari huku mkianza kunyanyua. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Misuli iliyobanwa muda mrefu inakufa, na ikiachiliwa inatoa sumu zake katika damu. Zinaweza kusimamisha moyo na kuziba mafigo. Madaktari wa London walieleza ugonjwa huo mwaka 1941, kwa watu waliofukuliwa chini ya nyumba zilizobomolewa na mabomu: walitolewa wakiwa wazima, wanaongea, na siku chache baadaye walikufa kwa mafigo. Kwa hiyo mtu aliyetolewa chini ya trakta, hata akisema hana neno, hata akiomba kwenda nyumbani, apelekwe hospitali siku ile ile, akiwa amelazwa. Mkojo wenye rangi nyeusi kama chai ya rangi ni alama mbaya. Mwambieni daktari mara moja.

Mwisho pepopunda, ule ugonjwa unaokaza taya na mgongo. Mdudu wake anakaa katika udongo na samadi, ndiyo kusema shamba lote. Kidonda chenye udongo kinataka sindano ikiwa ile ya mwisho imepita miaka 5. Anayemleta mgonjwa aje na kadi yake ya chanjo, na aweze kumwambia mwuguzi mambo matatu: saa ya ajali, muda mtu alioubanwa, na kama pine ilikuwa na maji ya chumvi.